Mchungaji wa Muda wa Pine Bethel

Sisi Wabaptisti hatuna askofu. Tuna kamati, na mwenye askofu ana nafuu, kwa kuwa askofu siku moja hufa. Juu yetu hakuna mtu wa kumleta mchungaji wala wa kumhamisha. Washirika hukutana, husali, husimama kupiga kura, na aliyesimamiwa na wengi ndiye aliyeitwa na Bwana. Akikosa kura, huonekana Bwana alikuwa na mpango mwingine, na kwa kawaida mpango huo huwa ni mwanamume mwenye mke anayepiga piano.

Ardith Mobley wa Macon, Georgia, aliufahamu utaratibu huu kwa mlango wa nyuma. Kanisa likimfukuza mchungaji wake, au likimchosha hadi akaondoka mwenyewe, haliwezi kumwita mwingine wiki hiyohiyo. Kidonda bado kibichi. Hapo hutafutwa mchungaji wa muda, mtu wa kuhubiri, kuzika na kutuliza, huku kamati ikizunguka kumtafuta mchungaji mwenyewe. Ardith alikuwa mtu huyo. Alikuwa mwanamke mwenye shahada ya teolojia, aliwekewa mikono akiwa kijana, na nywele zake zilianza kuwa nyeupe katika kanisa la tatu au la nne. Alifika mahali watu hawasemezani, akajua kwa juma moja nani hakai upande wa nani, na baada ya mwaka mmoja au miwili watu wale wale walikuwa wakipeana mikono na kuulizana habari za magoti. Kisha kamati ilimleta kijana aliyetoka chuoni, Ardith akamkabidhi funguo, akamwonyesha swichi ya taa za kisima cha ubatizo ambayo lazima ibonyezwe mara mbili, akaondoka. Katika ofisi zote hizo hakuwahi kupigilia msumari ukutani. Picha zake zilikaa sakafuni, zimeegemezwa, zikitazama miguu ya meza.

Kamati kadhaa zilikuja kumsikiliza kwa ajili ya uchungaji kamili. Kamati ya kutafuta mchungaji huja kwa siri, na kila mtu huitambua: ni watu wasiojulikana, waliovaa vizuri kupita kiasi, wamegawanyika wawiliwawili katika viti vya nyuma na wote wanafungua Biblia kwa wakati mmoja. Baada ya ibada walimwambia kwamba kwa kweli amehubiri, kwamba hawajasikia mahubiri kama yale. Halafu hawakupiga simu. Kanisa lililomwita mwanamke lingeweza kutolewa katika chama cha makanisa cha wilaya, na ingawa chama hicho hakikufanya mengi zaidi ya kuandaa samaki wa kukaanga kila masika, watu walipenda samaki.

Nyumbani kwake Macon, ghorofa ya pili, aliishi peke yake. Aliwahi kuchumbiwa na mwanakwaya mmoja wa Valdosta, mtu mwema, ambaye alitaka mke wa mchungaji na akagundua polepole kwamba mpangilio ungekuwa kinyume. Ardith hakumlaumu. Siku za Krismasi alikuwa na kazi, na siku baada ya Krismasi alikuwa na supu.

Pine Bethel lilikuwa kanisa lake la mwisho, na lilikuwa tofauti. Liko kusini, katikati ya mashamba ya karanga, kanisa la matofali lenye makaburi upande mmoja na uwanja wa besiboli upande mwingine. Alikwenda huko baada ya mchungaji wao kufukuzwa kwa sababu ambazo kila familia ilizieleza kivyake. Mwaka ukapita, ukafuata wa pili, kamati ikasikiliza wanaume wengi na kurudi imenuna. Hatimaye shemasi mkuu, Ndugu Doyle Rucker, mkulima mpole aliyezungumza kana kwamba kila neno limekatwa kwa msumeno, alimwambia Ardith mlangoni baada ya ibada kwamba kamati imechoka kutafuta kilichopo. Wangepeleka jina lake kwenye kikao cha washirika, Jumatano, baada ya chakula cha jioni.

Ardith alimshukuru, akaenda kwenye gari, akakaa ndani muda mrefu bila kuwasha. Kwa desturi yetu anayepigiwa kura hakai ndani. Hutoka, husubiri mahali, huitwa. Yeye kwa Jumatano hiyo hakuhitaji kutafuta pa kusubiria. Ilikuwa siku ya mwisho ya kongamano.

Kongamano la wanawake Wabaptisti walio katika huduma hufanyika kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, na mwaka ule lilikuwa Macon, katika kanisa kubwa lenye maegesho ya kutosha majeruhi wote wa imani. Ukitaka kujua upweke unafananaje ukiwa na kifungua kinywa cha pamoja, hapo ndipo pa kuja. Mamia ya wanawake, na karibu kila mmoja ndiye pekee wa aina yake mahali atokapo: mhubiri pekee mwenye sketi katika wilaya, mlezi wa kiroho pekee wa wagonjwa hospitalini, ambaye familia humwuliza mchungaji atafika saa ngapi. Walikumbatiana kama watu waliookolewa kutoka meli tofauti. Walikula sandwichi za jibini na pilipili hoho, wakanywa chai ya barafu yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na kulinganisha mbinu za kuvaa kile kisanduku cha kipaza sauti kilichotengenezwa kwa ajili ya mkanda wa mwanamume. Na mhubiri aliposimama walimsikiliza kama wapishi wanavyokula kwenye harusi ya mwingine: kwa upendo, na kila mmoja akijua angeongeza nini.

Ardith alikuja kila mwaka. Alikuja peke yake, akakaa karibu na mwisho, na kila mwaka alipitia saa ileile. Jioni ya mwisho mwenyekiti huwataja wale ambao mwaka huo wameitwa na makanisa kuwa wachungaji. Hao huenda mbele, hupiga magoti, na wanawake wote hupanga mstari na kupita mmojammoja, kila mtu anamwekea mikono kichwani na kumnong'oneza sikioni neno ambalo hasikii mwingine. Ardith alikuwa ameweka mikono juu ya vichwa vingi. Alizijua aina zote za nywele za wachungaji wa Georgia. Cha kwake hakuna aliyewahi kukigusa tangu ujana.

Rafiki yake mmoja tu ndiye aliyejua habari za kura, naye alikuwa Twyla Pettus, mlezi wa kiroho wa wagonjwa katika hospitali ya Augusta, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufungua milango. Kumwambia Twyla siri ni kuiweka mahali penye joto, huumuka.

"Watakuita," Twyla alisema mezani. "Wasipokuita nakwenda huko mwenyewe na kitu kizito."

"Bado hawajasimama, Twyla."

"Watasimama. Watu wa karanga wakishiba husimama. Mimi nimeshamwambia mwenyekiti akutaje."

Ardith aliweka uma chini. Alimwuliza amemwambia lini, na Twyla akasema asubuhi, na kwamba imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, na je, Ardith angemalizia ile keki au vipi. Ardith alitaka kwenda kumwona mwenyekiti afute jina. Hakwenda. Ukweli ni kwamba alitaka kulisikia likisomwa, na hilo nalo lilimshangaza kidogo.

Simu iliita wakati wimbo wa mwisho kabla ya majina ulipokuwa ukianza. Alitoka nayo hadi kwenye ujia, akasimama kando ya mashine ya barafu iliyokuwa ikiguguna.

"Dada Ardith," ilisema sauti ya Ndugu Doyle, na nyuma yake ukumbi mzima wa chakula ukivuma. "Nimekuweka kwenye spika. Tuko wote hapa. Kaa chini kwanza."

"Nimekaa," alisema Ardith, amesimama.

Doyle alieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza kila kitu. Hoja ya kumwita kuwa mchungaji ililetwa mezani. Ilijadiliwa kwa upendo. Ardith, aliyekulia ndani ya vikao hivi, aliposikia neno upendo aliweka mkono ukutani. Ndugu Vester alikuwa na maswali. Wengine walikuwa na maswali ya Ndugu Vester. Ilionekana hoja ingepita, lakini kwa kuchubuka, na wengine wangetoka mlangoni. Ndipo Bi Euline akasimama.

Bi Euline Tarpley alikuwa mzee kuliko jengo. Alimzika mume, na mwana, na wa pili huyo Ardith ndiye aliyemzika, mwezi wake wa kwanza pale, katika mvua. Tangu siku hiyo kila Jumapili Ardith alikula kwake. Kama kuna mtu Pine Bethel aliyempenda Ardith Mobley bila kamati, ni yeye.

Bi Euline aliwaambia washirika kwamba amekaa kanisani humo maisha yake yote na amehesabu. Wachungaji waliofukuzwa ni wengi kuliko waliozikwa. Mwingine walimfukuza kwa zulia, mwingine kwa mke wake, mwingine kwa kuhubiri sana juu ya neema. Lakini mchungaji wa muda hawajamfukuza hata mmoja, kwa sababu mchungaji wa muda hana mahali pa kufukuzwa. Kwa hiyo, kama wanampenda Dada Ardith na wanataka abaki, wasimwite. Akatoa hoja mbadala: Dada Ardith aendelee kuwa mchungaji wa muda hadi Bwana atakaporudi.

"Na imepita," alisema Doyle, na sauti yake, pengine kwa mara ya kwanza tangu ubatizo wake, ilitetemeka kwa furaha. "Wote wamesimama. Wote, Dada. Hata Vester."

Makofi yalimiminika kwenye simu. Mtu alipiga mluzi. Ardith alisikia vyombo vikigongana, na sauti ndogo ya Bi Euline ikiuliza kama amefurahi, mbona hasemi kitu. Alisema asanteni. Alisema ni jambo kubwa kuona kanisa lina umoja namna hiyo, na kwamba angewaona Jumapili. Hayo yote yalikuwa kweli. Alizima simu akabaki kuitazama mashine, ambayo ilitema barafu ghafla, kisha ikanyamaza.

Alipofungua mlango wa nyuma wa ukumbi, majina yalikuwa yameshaanza. Wanawake kadhaa walikuwa wamepiga magoti mbele. Wa mwisho wao alikuwa Shanta Weems, msichana wa juzi tu kutoka chuoni, aliyeitwa na kanisa dogo karibu na Savannah kwa kura ambayo, alisema mwenyewe akicheka, ilimshangaza yeye kuliko wao. Halafu mwenyekiti akavua miwani na kutaja Pine Bethel, na Ardith Mobley, na miaka yote ile.

Hawakungoja amalize. Ukumbi mzima ulisimama. Wale aliowafundisha kubatiza mtu mrefu kuliko wao bila kumzamisha walisimama, na wale aliokesha nao walipopoteza kazi, na Twyla akisimama juu ya kiti, jambo ambalo kiti hakikulitarajia. Walikuwa wamegeuka kumtazama mlangoni. Njia ya katikati ilikuwa wazi hadi mbele.

Twyla alimfikia kwanza. Alimtazama usoni na kicheko kikamwishia.

"Wamekataa?"

"Wamenibakisha. Kwa muda. Wote kwa pamoja."

Twyla ni mwepesi wa kuelewa. Aliielewa yote kwa mara moja, akamshika kiwiko. "Nenda mbele hivyohivyo," alinong'ona. "Ni mimbari ileile, watu walewale. Nani atajua? Mungu anajua moyo wako."

"Ndiyo maana siendi," alisema Ardith.

Aliinua mkono. Makofi yalikufa kwa mafungu, ya mbele yakichelewa. Alisema kwa sauti yake ya kuhubiria, ambayo haikuhitaji kisanduku, kwamba anawashukuru, kwamba kuna makosa kidogo, kwamba yeye hajaitwa. "Wameniongezea muda," alisema.

Wengi walicheka, wakidhani ni utani. Kisha wale waliokuwa karibu wakaacha, na ukimya ukapita kiti kwa kiti hadi mbele. Na hapo ukaja uso ule. Unafundishwa katika kazi hii, au unajifunza: kichwa kinainama upande, nyusi zinakutana, midomo inafungwa kwa upole, mkono unaanza kunyooka. Ni uso wa kando ya kitanda. Ardith alikuwa ameutumia miaka yote na aliamini unasaidia. Sasa mamia ya wanawake walimgeuzia uso ule kwa wakati mmoja, kwa ustadi, na alijua kwa nini mgonjwa hutazama dari.

Hakukimbia. Mstari ulipoanza aliingia ndani yake, akasogea na wengine, akaweka mikono kama kila mwaka. Alipomfikia Shanta Weems aliweka viganja juu ya nywele zake zilizosukwa na kutafuta neno la baraka. Alikuwa nayo mengi. Lililotoka ni: "Siku ya kwanza, pigilia msumari." Shanta hakuelewa, akasema amina.

Siku ya pili yake aliendesha gari hadi kwa Bi Euline. Alipita mlango wa nyuma, kwa kuwa ule wa mbele ni wa wauza bima na maafisa wa serikali. Bi Euline alikuwa amekaa jikoni na bakuli la maharage mabichi mapajani, akimenya.

"Umekuja kunigombeza," alisema bila kuinua macho.

"Nimekuja kunywa chai."

"Chai iko kwenye friji. Gombeza kwanza, itanoga."

Ardith alijimiminia, akakaa. Alisema hana la kumgombezea, kwamba anajua alichokusudia. Bi Euline alisema basi kama anajua, mbona alinyamaza kwenye simu kama mtu anayesomewa hukumu. "Mimi nimekuokoa, mwanangu. Unawajua watu hawa."

"Nawajua."

"Wangekupa miaka mitatu. Wa kwanza wangekusifia mpaka uone haya. Wa pili wangenyamaza. Wa tatu Vester angeanza kutazama saa yake ukiwa unaomba. Sasa hivi hakuna wa kukugusa. Unataka nini zaidi ya hapo? Unataka wakufukuze?"

Ardith aliweka glasi chini. Lilikuwa swali la haki na hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Ndiyo," alisema. "Nataka niwe mtu anayeweza kufukuzwa."

Bi Euline aliacha kumenya. Nje trekta lilipita, likachukua muda wake kupita.

"Watu wanaoweza kufukuzwa waliwahi kuingia," alisema Ardith. "Mimi, Bi Euline, nimesimama mlangoni tangu nina miaka ishirini na kitu. Nawashikia wengine mlango. Sisemi kazi hiyo ni mbaya. Lakini ninyi jana mmepiga kura nisimame hapo hadi Bwana arudi."

"Kwa upendo."

"Kwa upendo. Wote."

"Kwa hiyo unaondoka."

"Mwisho wa mwezi. Nitawaambia Jumapili."

Mzee aligeuza ganda moja vidoleni, akaligeuza tena.

"Na mimi atanizika nani?" aliuliza.

Hilo Ardith alikuwa ameliwaza njia nzima. Kwa adabu yetu, mchungaji akishaondoka kanisani harudi kuzika watu wake, ila mchungaji mpya amwalike. Na wachungaji wapya, hasa vijana, huwa hawaaliki.

"Mchungaji wenu," alisema.

"Yupi?"

"Mtakayemwita."

"Hatakuwa ananijua. Atasimama pale na kusema nilikuwa mpole."

"Nitakuja, Bi Euline. Nitakuwepo."

"Wapi?"

"Kwenye viti. Pamoja na watu."

"Nyuma huko."

"Nyuma huko."

Bi Euline alitikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu anayepima kitu na kukikuta pungufu. Angeweza kusema maneno mengi, na Ardith alikaa akiyangoja, na pengine kama angeyasema Ardith angebaki. Badala yake alisukuma bakuli katikati ya meza ili wote wawili walifikie. Walimenya hadi maharage yakaisha, kisha Bi Euline akasimama kuyaosha, mgongo kwake, na kumwambia aende kabla malori hayajajaa barabarani.

Pine Bethel walimuaga vizuri. Ndugu Doyle alilia wazi, kwa leso iliyopigwa pasi. Ndugu Vester alimwambia kwamba yeye binafsi hakuwahi kuwa na tatizo naye. Wakamwuliza, kwa kuwa yeye ana uzoefu, kama anamfahamu mtu yeyote mzuri wa kuwashikia nafasi kwa muda, na akawatajia mwanamume mmoja mstaafu wa Tifton, wakamwandikia siku hiyohiyo. Bi Euline alikaa kitini mwake cha siku zote. Watu wote waliposimama mlangoni kumpa mkono, yeye alipitia mlango wa kwaya.

Jumapili iliyofuata Ardith aliamka kabla ya saa kuita, kwa mazoea. Alioga, akavaa suti ya kijivu, akavaa viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Macon ina makanisa kila kona na angeweza kuingia popote, wangefurahi, wangempa bahasha ya wageni na kalamu. Kengele zikaanza, za karibu, halafu za mbali. Alizisikiliza hadi zikanyamaza. Mahali fulani kusini mzee wa Tifton alikuwa akifika kwenye hoja ya kwanza ya mahubiri yake, na karibu na Savannah Shanta Weems alikuwa anaanza kuona kwamba watu wa viti vya mbele hawasemezani.

Alibaki hivyo, mikono magotini, mpaka ulipofika wakati ambao ibada yoyote ingekuwa imekwisha na watu wapo kwenye maegesho wakiulizana wanakula wapi. Ndipo akavua viatu.